Je, Kikande Ni Mkali, au Tangi Ni Dogo?

Ukisikia jina la Mungo Park, unakumbuka kitabu cha historia cha shule: Mskoti aliyeufuata Mto Niger na kufia huko huko mtoni. Lakini kabla ya Niger, Park alikuwa daktari wa meli. Mwaka 1793 alisafiri hadi Sumatra, na mwaka 1797 yakachapishwa London maelezo yake ya samaki 8 wapya wa huko. Mmoja wao ni samaki wa kijani iliyokolea, mwenye mistari ya rangi ya machungwa inayopinda mwili mzima kama mawimbi. Jina lake la kisayansi leo ni Balistapus undulatus. Anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki, na wavuvi wetu humjua kama mmoja wa jamii ya kikande.

Sasa muulize mtu anayefuga samaki wa baharini nyumbani kuhusu huyu kikande. Atakwambia ni mzuri mno na hafugiki na wenzake. Unamnunua akiwa mdogo kama kidole gumba, anakula vizuri, haugui ovyo. Miezi inapita. Siku moja unakuta mapezi ya jirani yake yamekatwa. Kisha jirani hayupo. Kisha kikande anahamisha mawe, anang'ata mrija wa pampu, na ukiingiza mkono kusafisha kioo anakuja mbio. Ushauri wa wafugaji wengi ni mmoja: mweke peke yake. Wahenga walishasema, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Methali hiyo ina maneno mawili muhimu, mafahali na zizi. Karibu kila anayesimulia ukali wa samaki huangalia fahali tu. Katika makala hii nataka tuliangalie zizi. Maana kuna wakati ukali wa samaki wa matumbawe ndani ya kioo ulitoka kwenye vyumba vya wafugaji, ukaingia kwenye nadharia kubwa kuhusu binadamu, na watu wengi duniani wakaamini kwamba vita viko kwenye damu yetu.

Kwanza, kioo chenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa aliyeishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alikuwa na swali linalomsumbua. Kuna aina ya pweza anayeitwa argonauta, mwenye gamba jembamba kama karatasi. Je, gamba hilo hulitengeneza mwenyewe au hulichukua kwa kiumbe mwingine? Wataalamu walibishana kwa kuangalia maiti. Yeye akatengeneza matangi ya kioo, akawaweka hai, akakaa kuwaangalia. Jibu likapatikana: hulitengeneza mwenyewe, na likivunjika hulikarabati.

Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi ya kuweka uwiano ndani ya chombo kimoja: mimea itoe oksijeni, samaki wavute, konokono wale majani yanayooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium. Tangi la samaki likaingia sebuleni.

Ila hao walikuwa viumbe wa maji baridi ya pwani za Ulaya. Samaki wa matumbawe wa ukanda wa joto walisubiri karibu miaka mia nyingine kabla ya kuzoeleka majumbani, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Maji yao ni ya moto. Wenye pesa za kuwafuga wengi walikaa mbali na bahari. Matangi ya zamani yalikuwa na fremu za chuma, na chumvi na chuma havipatani: fremu inaliwa, maji yanachafuka kwa sumu ya metali. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndege zikafupisha safari, mifuko ya plastiki ikarahisisha kubeba samaki, na kufikia miaka ya 1960 chumvi ya bahari ya kutengenezwa ilikuwa inauzwa kwenye pakiti, huku gundi ya silikoni ikiwezesha kutengeneza tangi la kioo kitupu.

Likabaki tatizo ambalo halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Baharini inachanganyika na maji yasiyo na mwisho. Ndani ya tangi inategemea bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Sasa fikiria: ni samaki gani atavumilia wiki hizo? Mpole na dhaifu atakufa. Wafugaji wakazoea kuanzisha tangi jipya kwa samaki wadogo wagumu wa familia ya Pomacentridae, ndugu wa yule Nemo wa kwenye filamu. Wanavumilia maji mabovu. Na wengi wao ni walinzi wakali wa eneo. Kwa hiyo samaki wa pili alipoletwa, alikuta nyumba ina mwenyewe.

Hapo tayari unaona kitu. Tangi si dirisha la kutazamia bahari hivi hivi. Lina mlango, na mlango huo unachagua nani aingie na nani afe nje.

Lorenz na pipa la maji

Konrad Lorenz, Mwaustria, ni mmoja wa waanzilishi wa elimu ya tabia za wanyama. Alipenda matangi ya samaki tangu utotoni. Katika taasisi ya Max Planck iliyokuwa Seewiesen, kusini mwa Ujerumani, alifuga samaki wa matumbawe, na pia alikwenda kuwatazama kwa kuogelea huko Florida. Mwaka 1963 alitoa kitabu kuhusu uchokozi, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1966 kwa jina On Aggression. Kitabu kinaanzia baharini, kisha kinaingia kwenye matangi.

Alichokiona kilikuwa cha kweli. Weka samaki kadhaa wa aina moja, wenye rangi kali, ndani ya tangi moja. Watapigana, na baada ya muda atabaki mmoja. Wa aina tofauti huachwa kwa kiasi kikubwa. Lorenz akapendekeza kwamba rangi zile ni kama bango: zinamwambia mwenzake wa aina ile ile, "hapa pana mtu." Ugomvi unawasambaza juu ya mwamba, kila mmoja apate chakula cha kumtosha. Kwa ufupi, ukali una kazi.

Na tumtendee haki. Lorenz mwenyewe alijua kwamba baharini anayeshindwa hukimbia, na mambo yakaishia hapo. Tatizo ni hatua iliyofuata. Alisema uchokozi ni msukumo unaojijaza wenyewe kutoka ndani, hata bila mchokozi yeyote. Mfano wake maarufu wa silika ni pipa linaloingiziwa maji na bomba lisilofungwa. Usipoyatoa kwa utaratibu, yatafurika tu. Alitaja jambo ambalo wafugaji wa samaki wa jamii ya sato walilijua: ukiwaacha dume na jike peke yao, dume anaweza kumgeukia mkewe. Ukiweka samaki mwingine wa kupigwa, au jirani nyuma ya kioo, ndoa inapona. Kwa Lorenz huo ulikuwa ushahidi kwamba pipa limejaa na lazima limwagike mahali.

Kutoka hapo akaja kwa binadamu. Sisi pia tuna pipa, akasema, na silaha zetu zimekua haraka kuliko vizuizi vyetu vya ndani. Tafuteni njia salama za kulimwaga, kwa mfano michezo. Kumbuka ni mwaka 1963, mwaka mmoja tu tangu mgogoro wa makombora ya Cuba. Kitabu kikasomwa sana. Mwaka 1973 Lorenz akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Niko Tinbergen na Karl von Frisch, kwa kazi yao pana juu ya tabia za wanyama.

Kuna upande mwingine wa historia yake ambao hauwezi kurukwa. Mwaka 1938 Lorenz alijiunga na chama cha Nazi, na katika miaka ile aliandika makala zilizochanganya elimu ya wanyama wanaofugwa na fikra za usafi wa mbari. Baadaye alisema anajutia. Silitaji hili ili kusema kwamba kila alichoandika kuhusu samaki ni uongo, kwa sababu si uongo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha uzito wa mchezo huu. Mtu akitoka kwenye tangi na kusema "hivi ndivyo maumbile yalivyo", kuna watu nje wanasubiri sentensi hiyo kwa hamu, na si wote wana nia njema.

Samaki wa Ziwa Tanganyika ajibu

Upinzani ulikuwapo mapema. Mwaka 1953, Daniel Lehrman wa Marekani alichapisha uchambuzi mkali wa nadharia ya silika ya Lorenz. Hoja yake, kwa lugha ya mtaani: ukiita kitu "cha kuzaliwa nacho" umeacha kuuliza kinatokeaje, wakati hilo ndilo swali lenyewe. Lakini hoja ni hoja. Nani ataonyesha kwenye maji?

Aliyeonyesha ni mwanafunzi wa Lorenz mwenyewe, Walter Heiligenberg, akiwa na mwenzake Ursula Kramer. Utafiti wao ulitoka mwaka 1972. Na samaki waliyemtumia ni wa kwetu: wakati ule aliitwa Haplochromis burtoni, samaki mdogo wa jamii ya sato kutoka Ziwa Tanganyika na maji yanayolizunguka. Ni wa maji baridi, ndiyo, si wa matumbawe. Ila swali lilikuwa lile lile la pipa.

Walipima mara ngapi dume anashambulia samaki wachanga alionao kwenye tangi. Kama pipa la Lorenz lipo, dume aliyetengwa na madume wenzake lazima azidi kuwa mkali siku hadi siku, maana maji yanaingia na hayatoki. Kilichotokea ni kinyume. Akitengwa, hamu ya kushambulia ilipungua. Lakini akionyeshwa sanamu ya dume mwenye ule mstari mweusi unaopita kwenye jicho, hamu ilipanda, na haikushuka papo hapo. Ilibaki juu kwa siku kadhaa ikishuka polepole. Kila akionyeshwa tena, ilijengeka juu ya ile ya jana.

Yaani ukali haukuwa maji yanayojaa pipani. Ulikuwa kama kaa la moto. Ukilipepea linawaka, ukiliacha linafifia.

Sasa rudi kwenye tangi la matumbawe ukiwa na hilo kichwani. Juu ya mwamba, samaki aliyeshindwa hupiga mkia, hupita nyuma ya jiwe, na huyo amekwenda. Kaa la mshindi linafifia. Kwenye tangi la urefu wa mita moja na nusu, aliyeshindwa hufika kwenye kona, hugeuka, na bado anaonekana. Anaonekana asubuhi, mchana na jioni. Yeye ndiye ile sanamu ya Heiligenberg, isipokuwa hakuna mtu wa kuiondoa. Huhitaji pipa kueleza kwa nini mwishoni anabaki mmoja. Na yule mke anayepigwa? Inawezekana kabisa kwamba hasira haikuhama kutoka kwa jirani kuja kwake. Ni kwamba ndiye pekee aliyebaki mbele ya macho, ndani ya kuta nne.

Baharini nako watafiti walikuwa wakitazama. Mwaka 1971, Roger Low alieleza samaki mmoja mdogo wa familia ya Pomacentridae kwenye Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia. Samaki huyu hakuwafukuza wa aina yake tu. Aliwafukuza wa aina nyingi, mradi wawe wala mwani, kwa sababu alikuwa na shamba lake la mwani la kulinda. Asiyekula mwani alipita bila kuulizwa. Hata zile rangi za bango hazikubaki salama: utafiti wa baadaye juu ya macho ya samaki, ukiongozwa na Justin Marshall, ulionyesha kwamba rangi kama njano na buluu, zinazotupigia kelele sisi kwenye kioo kwa karibu, zikionekana kwa mbali majini zinaweza kumficha samaki badala ya kumtangaza.

Kikande akiwa kwao

Turudi kwa samaki wa Mungo Park. Je, baharini ni mpole? Hapana, na sitaki uondoke na picha hiyo. Kikande huyu ana meno kama patasi na taya za kuvunja gamba. Akiogopa au akienda kulala hujibana kwenye tundu la mwamba, husimamisha mwiba wa mgongoni, na mwiba wa pili huufunga ule wa kwanza kama komeo, humtoi. Ni mbabe hata mbele ya samaki wengine wanaogombea naye chakula.

Ila angalia chakula chenyewe. Kwenye miamba ya Kenya, Tim McClanahan na wenzake walilinganisha maeneo yanayovuliwa na hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968. Kwenye miamba iliyovuliwa sana walikuta nungu wa baharini wamejaa, wale viumbe wa duara wenye miiba wanaochoma nyayo wakati wa maji kupwa. Kwenye hifadhi walikuwa wachache. Watafiti waliwafunga nungu kwa uzi na kuwaacha kwenye mwamba kuona watadumu muda gani. Hifadhini waliliwa haraka, na mlaji mkuu alikuwa nani? Kikande wa mistari ya machungwa.

Nungu wakizidi, hukwangua mwamba wakitafuta mwani, na pamoja na mwani huondoka na tumbawe. Mwamba unaliwa kuliko unavyojengwa. Hivyo yale yale meno yanayokata mrija wa pampu sebuleni, baharini ndiyo yanayowapunguza nungu na kuuacha mwamba ukue. Na akishavuliwa akaisha, harudi upesi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, McClanahan alionyesha kwamba hata baada ya eneo kulindwa, idadi ya samaki huyu huchukua miaka mingi kupanda.

Kwa hiyo neno "mkali" kwenye lebo ya duka la samaki linabeba habari nusu. Linakwambia atakachofanya ukimfungia. Halikwambii anafanya nini duniani.

Basi tumfuge vipi, na tujisome vipi?

Kwa mfugaji, historia hii ina faida za moja kwa moja. Kikande huyu hufika sentimita 30, kwa hiyo tangi linapangwa kwa ukubwa atakaofikia, si alionao dukani. Mkali huingizwa mwisho, baada ya wengine kujua mapango yao. Mgeni akija, mawe hupangwa upya, ili mwenyeji apoteze mipaka aliyoizoea. Mawe hujengwa yakate macho, aliyeshindwa apate mahali pa kutoonekana. Chakula kiwe na magamba magumu, kama kaa na chaza, meno yapate kazi. Na mara nyingi jibu la busara ni kumwacha mwambani na kufuga samaki mwingine. Ukitazama, karibu kila ushauri hapo unarekebisha zizi. Hakuna hata mmoja unaofundisha fahali adabu.

Kwa sisi wasomaji wa sayansi kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1986, wanasayansi kutoka nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, na kutoa tamko kuhusu vurugu, ambalo UNESCO ililipitisha mwaka 1989. Walisema si sahihi kisayansi kudai kwamba tumerithi kutoka kwa wanyama mwelekeo wa kupigana vita. Miongoni mwa waliotia sahihi alikuwamo Robert Hinde, mkosoaji wa muda mrefu wa nadharia ya Lorenz, na Richard Leakey kutoka Nairobi. Wapo waliosema tamko lile lilikuwa la kisiasa mno, na mjadala wa kibiolojia kuhusu ukali haukufungwa kwa sahihi. Ni sawa. Sayansi haifungwi kwa sahihi.

Lakini swali la zizi linabaki na nguvu yake. Kila tunaposikia kwamba watu fulani ni wakali kwa asili, vijana wa mtaa fulani, wafungwa wa gereza fulani, wakimbizi wa kambi fulani, inafaa tuulize kabla ya kukubali: wameonekana wapi? Je, aliyeshindwa alikuwa na pa kukimbilia? Nani anaendelea kulipepea kaa? Huenda ukali wao ni wa kweli, kama wa kikande. Lakini mtu aliyewaona ndani ya kioo tu hana haki ya kutuambia walivyo baharini, na sisi hatuna sababu ya kumwamini kabla hajaoga maji ya chumvi.